Shida: Neno Linalotutega Wahakiki

Asubuhi moja sokoni Newala mama mmoja alinipokea hivi: "Karibu mwanangu, shida yako nini?" Nilikuwa nataka korosho tu! Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka tabia yetu ya kwenye semina, ya kuliona neno shida katika riwaya na papo hapo kupiga mstari: dhuluma, ukandamizaji.

Neno lenyewe latoka katika Kiarabu, shidda, yaani ukali au mkazo. Asili yake ni moja na ya shadda, ile alama ya kukaza herufi, na ya shadidi yetu. Dhiki nayo kwa asili ni wembamba, hali ya kubanwa. Lakini Kiswahili kimeilegeza shida mpaka ikawa haja. "Nina shida na wewe" si malalamiko. (Ajabu ni kwamba dhiki haikulegea.)

Ila tusiende mbali mno. Juu ya uwanda huu wa Makonde, "shida ya maji" hubeba maana zote mbili. Karl Weule, Mjerumani aliyefika huku mwaka 1906, aliandika simulizi ya Wamakonde: watoto wawili wa kwanza hawakuishi mabondeni, wa tatu akapona huku juu, basi watu wakausiwa wakae mbali na maji. Kwa hiyo kupanda mteremko na mtungi kichwani kulikuwa bei ya uhai. Mhusika wa huku akitamka "shida ya maji", anaomba au analia? Mimi siku hizi naanza kwa kuuliza anasema na nani.