Istilahi za Madhara ya Kazi katika Maabara ya Uzazi

Tangu mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama azaliwe Uingereza mwaka 1978, imezuka kazi mpya: ya mtaalamu wa viinitete. Hasemwi “mtaalamu wa vijusi”, kwani kijusi ni hatua inayofuata. Mtaalamu huyu huinamia hadubini kwa saa nyingi, aghalabu katika mwanga hafifu, akiongoza sindano nyembamba kuliko unywele. Madhara yampatayo ni ya namna tatu, nazo hazina budi kutofautishwa.

Kwanza, ajali kazini. Hili ni tukio la ghafla. Nitrojeni oevu ihifadhiyo viinitete ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikigusa ngozi huidhuru mithili ya moto. Jeraha hilo liitwe “jeraha la baridi kali”, wala si “kuungua” tu. Aidha, lita moja ikigeuka gesi hutoa takriban lita 700, ikaiondoa oksijeni chumbani pasipo harufu wala rangi. Aliyezimia hapo hakuvuta sumu, amekosa hewa.

Pili, ugonjwa utokanao na kazi. Huu huja polepole. Mathalani, kubanwa kwa neva ya kifundo cha mkono kumo katika orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010. Mfasiri aandikaye “maumivu ya mkono” ametaja dalili, hakutaja ugonjwa. Kwa kuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Tanzania ya mwaka 2008 hufidia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, kosa hilo laweza kukwamisha dai la haki.

Tatu, uchovu sugu wa kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa huu si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na mkazo wa kazini usiodhibitiwa. Alama zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kupungua kwa ufanisi. Hivyo “ugonjwa wa uchovu” hausihi. Wala maneno “wa kazi” yasidondoshwe, maana “uchovu sugu” peke yake huweza kueleweka kuwa maradhi mengine.

Basi, kabla ya kujaza fomu au kufasiri cheti cha daktari, tujiulize: ni tukio, ni ugonjwa, au ni hali? Jibu ndilo litakalotupa istilahi.