Uyoga Mkavu Hunywa Maji ya Hewa

Mvua zirudipo baada ya kiangazi, uyoga huota penye vichuguu vya mchwa, nao watu wa Nyangwe huukausha ule usioliwa siku ile. Mara nyingi mtu huukausha vema na kuutia katika gunia. Mwezi ukipita hufungua, akaona ukungu mweupe na kunusa harufu mbaya. Husema, “Nyumba imevuja.” Lakini nyumba haikuvuja hata tone. Maji yale yametoka katika hewa.

Sikilizeni sababu yake. Katika kilo 10 za uyoga mbichi, kilo 9 hivi ni maji. Jua au moto huyatoa, na mwili wa uyoga hubaki na matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Mwili huo hupenda maji, kama chumvi inavyolowa wakati wa masika. Usiku hewa ya kando ya Lualaba ina maji mengi. Uyoga huyavuta, wala hauachi mpaka unyevu wake umelingana na ule wa hewa. Gunia haliwezi kuzuia, maana hewa hupita kati ya nyuzi zake. Kilo 10 za uyoga mkavu huweza kufika kilo 11 na zaidi, wala hakuna mtu aliyetia maji. Mwuzaji asifurahi kwa uzito huo. Wanunuzi wa machimboni, kama kule Namoya, hununua ili kuweka, na uyoga wa namna hiyo hauwekeki.

Ujaribuni hivi. Shika shina, pale palipo pene. Likivunjika kwa mlio, ni kavu. Likipinda kama ngozi, bado. Kofia hukauka upesi, bali shina huficha maji ndani, na maji hayo hutoka polepole na kulowesha uyoga wote. Kwa hiyo utie kwanza katika chungu chenye kifuniko siku mbili, kisha ujaribu tena. Ukipinda, urudishe juani, na jioni uingize ndani kabla ya umande.

Usiufunge ungali moto, maana utatoa jasho ndani ya chombo. Ukiisha kupoa, utie katika debe au kibuyu, ukazibe mdomo kwa nta. Vyombo vidogo vitatu ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa kuwa kila ukifungua hewa huingia. Asiye na chombo cha namna hiyo auache juu ya uchanja wa jikoni: joto la moto huukausha kila siku, na moshi hufukuza wadudu.

Uyoga uliolowa tu waweza kukaushwa tena. Wenye ukungu utupwe, usipewe hata kuku. Na ule wa sumu, kuukausha hakuondoi sumu yake.