Hataza na Misimbo Pau (2): Kuskani Bidhaa Hadi Mtandaoni

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba hataza ya msimbo pau ya Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, iliyotolewa Marekani Oktoba 1952, ilikwisha muda wake miaka mitano kabla ya Juni 26, 1974, siku keshia wa duka la Marsh mjini Troy, Ohio, alipoanzisha matumizi ya msimbo huo madukani kwa kupitisha pakiti ya bazoka za Wrigley kwenye mashine. Leo tunaingia kwenye mgogoro wa kizazi kilichofuata. Mwaka 1995 yalipelekwa Marekani maombi ya hataza juu ya utaratibu huu: kifaa kinasoma msimbo pau wa bidhaa, kompyuta inatafuta anwani inayolingana na namba hiyo, kisha mtumiaji anafikishwa kwenye ukurasa wa intaneti. Haki hizo zilishikwa na kampuni ya NeoMedia, na mojawapo ya hataza zake, namba 6,199,048, ilitolewa Machi 2001. Hoja yangu ni kwamba dai pana la namna hiyo halikustahili hataza, na sababu imo ndani ya msimbo wenyewe.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba mistari ile imebeba bei. Haikubeba bei, wala jina la bidhaa. Imebeba namba tupu. Kwenye msimbo wa tarakimu 13 tunaoukuta madukani, tarakimu za mwanzo zinaonyesha taasisi iliyogawa namba: 620 ni ya Tanzania na 616 ni ya Kenya. (Hazithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa huko, hilo wengi hulikosea.) Zinazofuata zinamtambulisha mwenye bidhaa na bidhaa yenyewe. Ya mwisho ni ya ukaguzi: tarakimu 12 zilizotangulia huzidishwa kwa moja na kwa tatu kwa kupokezana, zikajumlishwa, na kinachopungua kufikia kumi inayofuata ndicho huandikwa. Mashine ikisoma vibaya, kwa kawaida hesabu hukataa. Namba ikishasomwa hupelekwa kwenye kompyuta ya duka, nayo hutafuta kwenye orodha yake na kurudisha jina na bei. Kwa maneno mengine, tangu 1974 msimbo pau umekuwa ufunguo wa kupata taarifa zilizohifadhiwa mahali pengine. Aliyeiondoa orodha hiyo stoo ya duka na kuiweka kwenye intaneti amebadilisha mahali pa orodha. Namna ya kuifikia ni ileile.

Anayepinga atasema mambo yote huonekana rahisi yakishafanyika, na kwamba mwaka 1995 wavuti ulikuwa mchanga, watu wachache tu walikuwa wamefikiria matumizi haya. Pingamizi hili lina uzito. Lakini kuwa wa kwanza kufika ofisini hakutoshi. Sheria inadai pia hatua ambayo fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kwa urahisi. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia zinazojulikana, na kupata matokeo yaliyotarajiwa, kwa kawaida hakustahili hataza. Mwaka huohuo shirika la Electronic Frontier Foundation liliiomba ofisi ya hataza ya Marekani iichunguze upya hataza ya NeoMedia, kwa hoja kwamba wazo hilo halikuwa jipya.

Wengine watauliza: bila hataza, nani atawekeza? Tuangalie yaliyotokea. Mwaka 2000 kampuni ya Digital Convergence iligawa bure kifaa kilichoitwa CueCat, ambacho kilisoma misimbo na kufungua kurasa za intaneti. Waandishi wa programu walipokitengenezea matumizi yao wenyewe, kampuni iliwaandikia barua za kuwatisha kwa madai ya haki zake za ubunifu. Ulinzi huo haukukiokoa kifaa. Kilishindwa kwa sababu watu hawakuona haja ya kuskani gazeti wakiwa wamekaa mbele ya kompyuta. Kwa upande mwingine, Denso Wave ya Japani ilibuni msimbo wa QR mwaka 1994. Ilikuwa na hataza, lakini ikatangaza kwamba haitazidai haki zake kwa wanaofuata viwango. Leo muuza matunda anabandika msimbo huo kwenye meza yake na kulipwa kwa simu, bila ada ya hataza. Uwekezaji ulipatikana, na soko likapanuka kuliko ambavyo mmiliki mmoja angeweza kulipanua.

Hataza ya Marekani haina nguvu Dar es Salaam wala Nairobi, na sheria za Tanzania na Kenya haziruhusu hataza juu ya mbinu tupu za kuendesha biashara. Hata hivyo, mlango wa ARIPO, shirika la kikanda la haki miliki barani Afrika lililoko Harare, uko wazi: ombi moja huko linaweza kuzitaja nchi zote mbili, na kila nchi hupewa miezi 6 kueleza kwamba hataza hiyo haitatumika kwake. Mbinu ya biashara ikivishwa vazi la kompyuta inaweza kupita kirahisi iwapo hakuna anayesoma madai yake kwa makini. Ofisi zinazosimamia hataza, BRELA ya Tanzania na KIPI ya Kenya, ziwaajiri wachunguzi wanaoelewa programu za kompyuta, na ziitumie miezi hiyo sita kikamilifu.