Unapotumwa kupigwa eksirei

Msomaji, wako wagonjwa ambao hata kabla ya kuketi huniambia, "Daktari, nataka eksirei." Wengine wakitumwa huko hukataa, wakihofu kwamba miale itawafanya tasa. Eksirei haiponyi ugonjwa. Ni picha, na kila picha ina swali lake.

Inayopigwa sana ni ya kifua. Ukiwa umekohoa kwa wiki mbili au zaidi, tena unakonda na kutokwa na jasho usiku, daktari huenda akaitaka. Huonyesha nimonia, maji yaliyojaa kando ya pafu na moyo uliopanuka. Kuhusu kifua kikuu hutoa dalili tu, kwani kovu la zamani laweza kufanana na ugonjwa mpya. Kwa hivyo ukiombwa makohozi pia, yatoe. Usiseme picha imetosha ukaenda zako. Na ukiambiwa uvute pumzi na kuizuia, fanya hivyo. Pafu lisilojaa hewa huweza kuonekana kama lenye ugonjwa.

Mifupa hupigwa picha kutoka pande mbili au zaidi, maana ufa hujificha. Ukianguka ukajikinga kwa kiganja, kuna kifupa kidogo chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, ambacho chaweza kuvunjika na picha ya siku hiyo isionyeshe kitu. Pakizidi kuuma, rudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe nyingine. Kifupa hicho kikipuuzwa huweza kukosa damu, na mkono ukabaki na maumivu ya miaka.

Mgongo uliouma kwa kuinua gunia kwa kawaida hauhitaji eksirei wiki za kwanza. Haionyeshi msuli uliovutika, na pesa zako zitakuwa zimekwenda bure.

Kuna picha za kutumia dawa. Ya koo na tumbo, utakunywa bariamu, nyeupe kama chokaa, ukiwa hujala. Baadaye kunywa maji mengi kwani hufunga choo. Mama anayetafuta mtoto hutiwa dawa kupitia shingo ya uzazi ili mirija ionekane. Hufanywa ndani ya siku 10 tangu hedhi ianze, pasiwe na mimba. Huuma kama hedhi kali, basi uliza mapema kuhusu dawa ya maumivu.

Je, miale? Picha moja ya kifua ni sawa na miale ya asili unayopata kwa takriban siku 10. Haimfanyi mtu tasa. CT skani ya tumbo ni jambo jingine: hiyo hufikia miale ya asili ya miaka miwili au mitatu, na una haki ya kuuliza inatafuta nini. Kama una mimba, au unashuku tu, mwambie mpiga picha kabla hujavua nguo.

Ukipewa picha, itunze pakavu, usiikunje, na uje nayo kila mara. Ile ya mwaka jana ndiyo itakayomwonyesha daktari kama doa la leo ni jipya.