Mcheza kwao hutuzwa: Andaeni mashindano mtaani mwenu

Mpenzi msomaji, fanya uchunguzi mdogo nyumbani kwako jioni ya leo. Baada ya chakula, tazama watoto wako wako wapi. Aghalabu utamkuta mmoja amejikunja kitandani na simu, akicheza kandanda ya kioo na mtu asiyemjua wala kumwona. Mwingine yuko kwenye kibanda cha michezo ya video pale kona, ambako kila baada ya dakika kadhaa shilingi zinamtoka mfukoni. Waulize nani ameshinda, watakujibu upesi. Waulize wamecheza na mwana wa nani, hawana jibu.

Mchezo wenyewe hauna kosa. Mtoto asiyecheza huwatia wazazi hofu, na kijana ambaye hajawahi kushindwa mbele ya watu hajajifunza kuvumilia. Linalotusumbua ni kwamba mchezo umeondoka barazani ukaingia chumbani, na kule chumbani hakuna mzee wa kusema "hapo umekosea", wala jirani wa kupiga makofi.

Je, dawa ni kuwanyang'anya simu? Wengi wamejaribu, na matokeo mnayajua. Dawa iliyo karibu zaidi ni kuwaandalia mashindano yao wenyewe, mtaani, mchana kweupe, mbele ya watu. Kama hujui pa kuanzia, twende sote hadi Lamu, kwa watu waliokuwa wakishindana kwa akili kabla kompyuta haijaundwa.

Mashimo 32, kete 64

Ukishuka gatini mjini Amu, tembea kidogo hadi uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821. Vichochoro ni vyembamba, na mizigo hubebwa na punda na hamali. Jua likipoa watu huketi barazani. Penye bao huhitaji kuonyeshwa, utapasikia mwenyewe, maana watazamaji wa bao hawajui kunyamaza. Kila mmoja ana shauri, na kila mmoja angecheza vizuri zaidi kuliko wale wawili walioketi.

Kwa wale wasioujua, bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64, ambazo aghalabu ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mwanzoni huweka kete sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, naye huzitia moja moja kila zamu yake ifikapo. Hatua hiyo huitwa kunamua. Kete za mkononi zikiisha, huanza mtaji, na hapo ndipo wanaume hutokwa na jasho. Hushindwa yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au amekosa kabisa pa kuchezea.

Usiudharau mchezo huu. Mwalimu Julius Nyerere aliupenda. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima katika Chuo Kikuu cha Leiden, mwaka 1995, akichunguza jinsi mabingwa wa bao wa Zanzibar wanavyofikiri. Kumbe yale mashimo ambayo kijana wako huyaita mambo ya wazee, wasomi wa Ulaya huyaona mtihani wa akili ya binadamu!

Huko Lamu bao lina siku zake za heshima. Katika Mfungo Sita, wakati wa Maulidi yanayofungamana na jina la Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, wageni hufurika kutoka pande zote za pwani. Pembeni mwa ibada huwa kuna mashindano: mbio za punda, mashua, kuogelea, na bao. Lipo pia Tamasha la Utamaduni la Lamu, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ule ule ambapo mji wa kale ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 2001. Humo nako bao halikosi.

Lakini tamasha huja na kuondoka. Tunalotaka wewe ulifanye ni dogo kuliko hilo, na la kudumu zaidi: mashindano ya mtaa, yanayoendeshwa na watu wa mtaa.

Kwanza kikao

Anza na watu watano wanaoaminika: mwenyekiti, mwandishi wa majina, mweka hazina, mwamuzi mkuu, na kijana mmoja wa kuwasemea vijana wenzake. Huyo wa tano usimsahau, kwa sababu bila yeye mtajikuta wazee watupu mkishangilia wazee wenzenu.

Mwamuzi mkuu asiwe mchezaji siku hiyo, hata kama ndiye fundi kuliko wote. Mtu hawezi kuwa kadhi katika kesi yake mwenyewe. Hali kadhalika, mweka hazina aandike kila senti katika daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua.

Mwarifuni chifu na polisi mapema. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa umuhimu wa hilo, kwani baada ya mashambulio ya Mpeketoni ya mwaka 2014 waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na shughuli nyingi za jioni zikafa. Kwa sababu hiyo pia, panga kila kitu kiishe kabla ya Magharibi.

Sheria kabla ya kete

Ugomvi mwingi wa mashindano hauletwi na ubaya wa watu. Huletwa na kila mtu kuja na sheria za kwao. Huyu anatoka Amu, yule Siyu, wa tatu alijifunzia Zanzibar. Je, aliyegusa kete lazima aicheze? Aliyekosea kuzigawa atarudia au zamu imempita? Je, sheria ya kutakasia, ile ya kulizuia shimo la mpinzani lisichezwe, itatumika vipi? Mchezaji ana muda gani wa kufikiri?

Andikeni majibu kwenye karatasi moja, yasomwe kwa sauti mbele ya wote asubuhi ile, kisha karatasi ibandikwe ukutani. Asiyekubaliana aseme wakati huo. Baada ya kete ya kwanza, neno la mwamuzi ndilo la mwisho. Watazamaji nao wapewe sheria yao: atakayemnong'oneza mchezaji ataondolewa barazani, awe mzee au kijana. Hii ndiyo sheria ngumu kuliko zote, na mkiweza kuitimiza hamtashindwa na nyingine.

Nani acheze na nani, pigeni kura. Majina yatiwe kofiani, na mtoto mdogo ayatoe mbele ya watu. Mkipanga wenyewe, hata kwa nia njema, atatokea wa kusema mmempendelea ndugu yenu.

Hesabu ya saa na ya maji

Tuseme mna wachezaji 16, na anayeshindwa anatoka. Mtakuwa na michezo 15: minane, minne, miwili, na fainali. Mkiwa na mabao manne, duru ya kwanza itakwenda kwa mikupuo miwili, kisha mkupuo mmoja mmoja kwa kila duru. Jumla ni mikupuo mitano. Mkiutengea kila mkupuo saa moja, anzeni saa mbili na nusu asubuhi, pumzikeni kwa Adhuhuri na chakula, na fainali itakwisha kabla ya Alasiri. Mkitaka haki zaidi, fainali iwe ya kushinda mara mbili kati ya tatu, na mchezo wa pili uanzwe na yule ambaye hakuanza wa kwanza.

Walioshindwa asubuhi msiwaache waende zao. Wapangieni michezo yao pembeni, maana mtu aliyesafiri kutoka Faza au Kizingitini hakuja kucheza nusu saa akarudi.

Hapo ndipo Lamu inapotufunza jambo ambalo watu wa bara hatulifikirii. Wageni wa kisiwa cha Pate huja kwa mashua, na kwa miaka mingi mashua zilizopita mkondo wa Mkanda zilikuwa zikingojea maji yajae. Kwa hiyo kabla ya kutangaza tarehe, waulize manahodha maji yatakuwaje siku hiyo, kwenda na kurudi. Usisahau na kusi, ambayo huichafua bahari katikati ya mwaka. Wewe uliye Kakamega au Morogoro huna mkondo wa kungojea, lakini una siku ya soko, una mvua, una basi la mwisho. Funzo ni lile lile: panga saa kwa kumfikiria mgeni wa mbali kuliko wote.

Zawadi isigeuke kamari

Hapa tuwe macho. Ni rahisi kusema kila mchezaji atoe shilingi mia mbili, na mshindi azoe zote. Jambo hilo linaonekana dogo, ilhali kila mmoja ameweka fedha yake ili ale ya mwenzake. Hiyo ni kamari, na katika mji wa Waislamu kama Lamu mtakuwa mmeyaharibu mashindano kabla hayajaanza. Hata pasipo na Waislamu, ni mzazi gani anayetaka mwanawe aanzie hapo?

Zawadi itoke kwa mtu asiyecheza. Mwenye duka atoe gunia la mchele, fundi seremala achonge bao jipya, mama mmoja ajitolee kupika biriani. Mkiwa na shaka juu ya mchango wowote, mwulizeni shekhe au mchungaji wenu mapema. Watazamaji wanaowekeana dau pembeni nao wakanywe hadharani.

Binti zetu je?

Baraza za bao kwa desturi ni za wanaume. Lakini akili haikugawanywa hivyo. Nyumba za kale za Amu zina kiwanda ndani, penye kivuli na stara. Mashindano ya wasichana na mama zao yanaweza kufanyika humo, kwa sheria zile zile, waamuzi wakiwa wanawake, na jina la mshindi litangazwe pamoja na la mwanamume, siku ile ile, kwa sauti ile ile.

Na kompyuta?

Utaniuliza, "Kijana wangu hataki bao, anataka kompyuta." Basi mpe kompyuta, lakini ailete barazani. Vijana wa nchi nyingine walifanya hivyo zamani. Katika mji mdogo wa Malung, Sweden, wanafunzi walianza kukusanyika na kompyuta zao mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1994 wakafanya mkutano wao katika bwalo la shule. Mkutano huo, DreamHack, ulikuja kujaza kumbi za maelfu ya watu.

Kompyuta zikiunganishwa kwa nyaya ndani ya chumba kimoja, hazihitaji intaneti ili zichezeane, mradi mchezo wenyewe ni wa aina inayokubali hivyo. Hakikisheni zote zina toleo moja la mchezo, na mjaribu siku moja kabla. Hatari kubwa ni umeme. Soketi ya nyumbani ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Kompyuta kubwa moja ya mchezo, pamoja na kioo chake, yaweza kula wati 300 au zaidi, kwa hiyo kumi kwenye waya mmoja zitafika ukomo. Zigawanyeni, mwite fundi wa umeme akague, na msiache vikombe vya chai karibu. Kwenye visiwa, hewa ya chumvi huila mitambo. Funikeni vyombo vikisafirishwa kwa mashua, na virudi kwa wenyewe jioni ile ile.

Yaliyobaki yote umeshayasikia: kikao, karatasi ya sheria ukutani, kura ya kofia, mwamuzi asiyecheza, zawadi isiyo kamari. Kinachobadilika ni chombo tu.

Nikishauri, wekeni vyote viwili mahali pamoja. Upande huu bao, upande ule kompyuta, na katikati sinia la chakula. Kisha itengwe saa moja ambapo kila kijana amfunze mzee mmoja mchezo wa kioo, na kila mzee amfunze kijana mmoja kunamua. Watacheka sana. Mzee atakufa goli la kumi, na kijana ataliwa nyumba yake bila kujua limeanzia wapi.

Jioni, wakati wa kutoa tuzo, mtazame yule aliyeshindwa fainali. Akisimama akampa mwenzake mkono mbele ya baba zake, jirani zake na wageni kutoka Pate, ujue amepata kitu ambacho hakiuzwi kwenye kibanda cha video. Mcheza kwao hutuzwa. Ila kwanza sharti kwao wamwekee uwanja.

Basi, msomaji, Jumapili ijayo usianze na kuhubiri juu ya simu. Anza na kutafuta wale watu watano.