Twiga akitaka kumnunua Simba, nani apige hesabu?

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongee saruji. Bei ya mfuko wa saruji inamgusa kila mtu, hata yule aliyepanga, maana mwenye nyumba naye alinunua. Lakini ni wangapi tunajua kwamba bei ile inaweza kutegemea mabishano ya mawakili na wachumi juu ya neno moja tu: soko?

Simaanishi Kariakoo. Ngoja niwakumbushe kisa chenyewe.

Mwaka 2021 kampuni ya Scancem, ya kundi la HeidelbergCement la Ujerumani na mwenye hisa nyingi za Twiga Cement, ilitangaza nia ya kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, hao wanaotengeneza Simba. Mwaka 2022 Tume ya Ushindani, yaani FCC, ikaruhusu kwa masharti. Ikakatwa rufaa, na Septemba mwaka huohuo Baraza la Ushindani likatengua ruhusa ile. Mwaka 2023 FCC ikaruhusu tena, ununuzi ukafanyika, na baadaye hisa nyingi zikaishia kwa Amsons.

Hoja kubwa ilikuwa nini? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza muungano wa kampuni unaozaa au kuimarisha utawala wa soko. Wakati ule mstari ulichorwa kwenye asilimia 35. Ukivuka hapo, na ukawa na uwezo wa kubana ushindani huku bado unapata faida, wewe ni mtawala.

Haya sasa, asilimia 35 ya nini?

Hapo ndipo wakili peke yake anapokwama. Atakusomea kifungu vizuri kabisa, lakini kifungu hakimwambii soko linaishia wapi. Saruji ni nzito na ikilinganishwa na uzito wake ni rahisi, kwa hiyo nauli ya lori inakula bei haraka. Twiga iko Wazo Hill, Dar es Salaam. Simba iko Pongwe, Tanga. Dangote yuko Mtwara. Je, mtu wa Korogwe akiona Simba imepanda, saruji ya Mtwara inamsaidia kweli? Ukisema soko ni Tanzania nzima, sehemu ya hao wawili inaonekana ndogo. Ukisema soko ni ukanda wa pwani na kaskazini, inaweza kuvimba. Ukihesabu uwezo wa mitambo badala ya mifuko iliyouzwa, unapata jibu jingine tena. Kampuni ni zilezile, ila majibu matatu!

Ndiyo maana mafunzo ya sheria na uchumi wa ushindani huwaweka wanasheria na wachumi darasa moja. Mojawapo ya masomo ya mwanzo ni jaribio hili: chukulia viwanda vyote vya eneo fulani ni vya mtu mmoja. Apandishe bei kidogo, tuseme asilimia 5 hadi 10, na asiishushe. Wateja wakikimbilia kwingine kiasi cha kumtia hasara, basi soko ni pana kuliko ulivyodhani, ongeza eneo ujaribu tena. Wakibaki wananung'unika huku wanalipa, soko umelipata.

Rahisi eh? Kuna mtego. Mwaka 1956 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya du Pont iliyokuwa ikitengeneza selofeni, karatasi ile angavu ya kufungia vitu. Mahakama ikaona wateja wanaweza kuhamia karatasi nyingine, ikasema soko ni pana na du Pont hatawali. Wachumi wakaja juu: kama bei tayari imepandishwa hadi juu kabisa, lazima kila mtu atakuwa mlangoni kuondoka! Kuondoka kwao hakuonyeshi kuwa ushindani upo. Huenda kunaonyesha wameshakamuliwa. Asiyefundishwa hilo ataingia mtegoni akiwa na takwimu safi mkononi.

Somo jingine ni njama za kupanga bei. Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilizipiga faini kampuni tisa za chuma, jumla shilingi milioni 338.8 za Kenya. Bei za kampuni mbili kufanana peke yake sio ushahidi, maana hata ushindani mkali unaweza kuzifananisha. Inabidi ujue kutafuta mawasiliano, barua pepe, vikao, na ujue kumshawishi mmoja wao aseme ili apunguziwe adhabu.

Mafunzo yenyewe yapo. Chuo Kikuu cha Johannesburg kina kituo cha utafiti wa ushindani, CCRED, kinachofundisha watu walio kazini. King's College London hufundisha kwa masafa. Mtandao wa kimataifa wa mamlaka za ushindani, ICN, ulioanzishwa 2001, una masomo ya bure kwenye intaneti.

Kinachonisumbua mimi ni nani anayafuata. Kampuni kubwa ina uwezo wa kukodi mchumi kutoka popote duniani. Maofisa wa tume nao angalau hupelekwa kozi. Lakini wanaoamua rufaa? Wanaotetea walaji? Mwandishi wa habari za biashara? Upande mmoja ukija na majedwali kurasa mia na upande wa pili ukaja na uchungu tu, uchungu hautashinda, hata kama una haki.

Na sisemi kila muungano ni mbaya. Mwingine unaokoa kiwanda kinachokufa na ajira za watu. Ninachosema ni kwamba awepo mtu upande wa mnunuzi anayeweza kuuliza "asilimia ya nini?" na akaelewa jibu analopewa.

Mawakili na wachumi mnaopita hapa, mmesomea wapi mambo haya? Na nyie mnaojenga Tanga na Moshi, saruji mnanunua ya nani, na kwa nini? Mwageni maoni hapo chini.