Kovu ndani ya mgongo: kupasua tena si kila mara dawa

Barabara ya kutoka machimbo ya Rubaya inateremka Mushaki, inapita Sake na Mubambiro, halafu Goma. Wagonjwa wa mgongo wanaipita juu ya pikipiki, wakiumia kwa kila shimo. Kati yao kuna waliokwisha kupasuliwa: udongo uliwaangukia ndani ya shimo, ao magunia yaliwaharibu. Kidonda kilipona, lakini kiisha miezi uchungu ukarudi: « Mugongo inawaka moto mpaka ku muguu. » Jamaa inawaza kuuza shamba ili apasuliwe tena.

Ngojeni kwanza. Mahali kisu kimepita, mwili unaweka kovu. Ndani ya mgongo, kovu linaweza kuzunguka mishipa ya fahamu inayoteremka ku miguu. Mshipa mzima unateleza kidogo mtu anapoinama. Ukigandishwa na kovu, unavutika, na moto unaanza. Hata bila kupasuliwa, kifua kikuu cha mgongo ao meninjiti inaweza kuacha kovu la namna hiyo.

« Munganga, mutoshe ile kovu! » Lakini kisu kinachotosha kovu kinaacha kovu ingine. Tena, wengi waliopasuliwa wako na kovu bila uchungu. Ndiyo maana munganga anatafuta kwanza sababu ingine, kama mfupa unaobana mshipa, mbele ya kukubali kupasua.

Kinachosaidia ni kazi ya polepole. Kinezi anafundisha mazoezi ya kunyoosha miguu na kutia tumbo na mgongo nguvu. Pale Goma, HEAL Africa na sentre ya Shirika la Umoja wanajua kazi ya viungo. Kutembea kila siku kunapita kulala. Kwa moto wa mishipa, munganga anaweza kuandika amitriptilini, kidogo, magaribi. Inaleta usingizi: usishuke shimoni nayo. Sindano za diklofenaki ao dekza za kila juma haziyeyushi kovu. Zinaharibu tumbo na figo, na dekza inalegeza mifupa. Tramadoli inazoeza mwili.

Uchungu unaweza kupunguka bila kwisha kabisa. Basi jamaa na ekipe wapange kazi upya: kilo 50 zigawanywe mara mbili, na mgonjwa asirudie kubeba.

Kama uko na homa za magaribi, unakonda, ao unakohoa, omba wapime kifua kikuu. Dawa zake ni za bure katika Kongo, na zinamezwa miezi mingi bila kukata.

Na kama miguu inalegea, mkojo unakataa kutoka ao unatoka wenyewe, ao katikati ya mapaja hapasikii tena, usingoje kesho. Hapo mshipa unabanwa, na ni saa zinazohesabiwa. Mama, yaya, mpelekeni hospitali siku ileile.